Nyanya Chungu za Mama Mkwe

Mama mkwe alikuja Johannesburg mwaka uliofuata Kombe la Dunia, mke wangu alipojifungua mtoto wetu wa kwanza. Alitoka kwetu Uvira, Kongo, kwa mabasi, akafika miguu imevimba. Tulikuwa tunakaa Turffontein, chumba kimoja cha nyuma ya nyumba ya watu, na humo humo ndimo nilimokuwa nashona nguo za wateja.

Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawazoeani. Hawali pamoja, hawatazamani usoni, wala hawaongei ovyo. Uvira hilo halina shida, kila mtu ana nyumba yake. Hapa, mke wangu aliporudi kazini saluni, tulibaki kutwa nzima mimi, mama mkwe na mtoto. Nikitaka kupita, nilikohoa kwanza. Yeye aligeukia ukutani, kitenge kichwani.

Hakuwa anakula vizuri. Mke wangu akaninong'oneza kwamba anatamani nyanya chungu za nyumbani. Basi nikaenda Joubert Park kwa mama mmoja Mrundi anayeuza mboga, akanipa miche aliyoiotesha mwenyewe. Nikaihamishia kwenye ndoo za rangi nilizozisugua, nikazipanga uani. Nilifurahi kama nimejenga nyumba.

Baada ya siku chache majani yakaanza kuwa ya manjano na kulegea. Nikadhani miche ina kiu, nikaimwagia maji. Mvua za alasiri nazo zilikuwa zimeanza. Manjano ikazidi. Nikadhani sasa ina njaa, nikaenda kutafuta mbolea ya kuku.

Nilikuwa nimeinama na mbolea yangu mkononi niliposikia sauti mlangoni. Mama mkwe alikuwa amesimama, mtoto mgongoni, macho yake yanaangalia barabarani.

"Mtoto wangu," alimwambia mtoto, "muulize baba yako, yameanza kugeuka majani gani, ya chini au ya juu?"

Mtoto alikuwa amelala. Nikayatazama majani, nikasema, "Mwambie bibi, ya chini."

"Muulize, udongo ukoje?"

Nikaingiza kidole. "Mwambie bibi, ni tope."

"Aunuse."

Nikaunusa. Ulinuka kama mtaro. Nilipomwambia mtoto hivyo, bibi yake alicheka kicheko kidogo, cha kwanza nilichowahi kumsikia.

"Mwambie baba yako hiyo miche haina njaa. Inazama. Alitoboa ndoo chini?"

Sikuwa nimetoboa hata moja.

Nikaleta msumari na nyundo. Nilipoilaza ndoo ya kwanza na kuitoboa, maji meusi yalitoka mengi, nikaona aibu. Udongo ulikuwa umeanza kumwagika, nikauzuia kwa kiganja na kuusukuma ndani kwa nguvu. Hapo mama mkwe akaja mbio, akachuchumaa kando yangu, akanishika mkono.

"Polepole, mwanangu. Utaikata mizizi."

Alisema nami, si na mtoto. Sote wawili tulisikia. Hakuondoa mkono wake, nami sikuinuka. Tukazitoboa ndoo zote, tukaziweka juu ya matofali ili maji yapate pa kupita. Akanikataza mbolea. Akaniambia yale majani ya manjano hayatarudi kuwa ya kijani, yaache yaanguke; nitazame yanayochipua juu.

Mche mmoja ulikufa. Mingine ilichipua majani mapya, ya kijani kabisa, na kila asubuhi tulitoka pamoja kuyaangalia. Ilipozaa, alizipika nyanya zake na ndagala, dagaa wa kwetu, nilizomnunulia kwa Wakongo wenzetu, akala sahani mbili. Yangu aliniletea mwenyewe hadi kwenye cherehani.

"Kula, ingali moto."

Alirudi Uvira kabla ya baridi. Nilimsindikiza mimi hadi Park Station, nimembebea mfuko. Watu walikuwa wengi, akaogopa tutapoteana, akanishika mkono wa shati. Tulitembea hivyo hadi kwenye basi, na njia nzima alikuwa anaongea.