Aliyenipandia Mizani

Nilimnunulia mshikaji wangu chipsi mayai ili apande mizani badala yangu. Huo ndio ujinga wenyewe, nauweka mbele kabisa ili usihangaike kuutafuta.

Manesi walikuja shuleni kupima uzito wa kidato cha kwanza. Hawamjui mtu: wanaita jina, unapanda, wanaandika. Na mimi ni bonge. Darasani wanasema nikikaa, dawati linaomba likizo. Utani huo niliutunga mwenyewe, kabla hawajatunga wao mbaya zaidi.

Mshikaji wangu anashuka kila asubuhi kutoka mlimani, ambako mama yake analima kabichi. Mbavu zake unaweza kuzipiga kama marimba. Nilipomwomba tubadilishane majina, alisema, "Oya, kwa chipsi mayai hata ndevu zako nitafuga." Basi jina langu lilipoitwa akapanda yeye. Lake lilipoitwa nikapanda mimi, mizani ikalia kama mlango mbovu. Tulicheka hadi matumbo yakauma.

Jioni simu ikaingia dukani. Mama anauza unga, mchele na mafuta kwa jumla hapa Mafiga, nami nilikuwa nimekaa juu ya gunia, soda mkononi. Mama akaweka spika.

"Mama, mwanao ana uzito mdogo mno," nesi akasema. "Njoo Ijumaa uchukue unga wa lishe."

Mama akaniangalia. Akaiangalia soda. "Unga? Mimi? Dada, unga nauza!"

Mama kakulia kule Mkuyuni kwa magimbi ya kuchemsha, na siku nyingine chakula cha jioni kilikuwa hadithi. Mtu akimwambia "mwanao kanenepa, kapendeza," ni kama kamsifia nyumba. Usiku ule alinikaangia kuku wa ziada. "Una minyoo wewe. Kula!" Nikala, huku nawaza ile simu ya nesi. Kama wamepiga huku, na mlimani si wamepiga?

Asubuhi mshikaji hakunitania. Alikuwa amelaza kichwa juu ya dawati.

"Walimpigia mama yako?" nikauliza.

"Walimpigia. Eti nimezidi uzito, anipunguzie ugali."

"Si alicheka?"

"Alinishika mbavu, akawaza. Akasema nesi kasoma, sisi hatujasoma. Jana nimekula nusu. Leo chai kavu."

"Mwambie ukweli basi!"

"Nimwambie nimeuza jina kwa chipsi? Atanichapa hadi nipungue kweli. Kamwambie wewe, bonge."

Hesabu, Kiswahili, baiolojia, vyote vilipita nikiitazama shingo yake tu. Unga wa lishe ulikuwa wake, na umeandikwa jina langu. Ugali wake unapunguzwa kwa sababu ya tumbo langu. Na kesho je? Na keshokutwa?

Baada ya shule nilikwenda dukani nikamweleza mama yote. Nilisimama karibu na mlango, tayari kukimbia, ingawa kwa mwili huu sijui ningefika wapi. Hakupiga kelele. Hapo ndipo nilipoogopa hasa. Alinionyesha kwa kidole mizani ya magunia.

"Panda."

Nikapanda. Mshale ukaenda, ukaenda, ukaenda. Mama aliutazama kama mtu anayesoma bei mpya ya mafuta, kisha akanitazama mimi, kuanzia viatuni hadi usoni, taratibu. Hakusema nimependeza.

Akapima unga, akaufunga vizuri. Akashusha mlango wa duka mchana kweupe, jambo ambalo hata siku ya mafua makali halifanyi. Nilidhani sasa fimbo inakuja. Badala yake akanitwika ule unga kichwani, akasema:

"Beba. Tunapanda kwao sasa hivi, utamweleza mama yake kwa mdomo wako, na Ijumaa mimi mwenyewe nitampeleka huyo rafiki yako kwa nesi. Wakitukaribisha chakula, wewe utanawa wa mwisho na utaacha kula wa kwanza."