Nilibonyeza Kitufe, Nikachagua Shosho

Kosa ni langu. Nasema hivyo mapema kwa sababu nimeshailaumu saa, nimelaumu kiwanda kilichoitengeneza, na nimemlaumu yule mtu asiyejulikana aliyeamua kitufe cha chini kianze kufanya kazi nyingine. Haikunisaidia kitu. Mwenye kosa ni mimi na ujanja wangu.

Wewe unayesoma, vuta kiti. Ukitaka kucheka, cheka tu. Wenzako walicheka mbele yangu!

Naishi Section 58 hapa Nakuru, na nina duka dogo la misumari, mabati na rangi kule Bondeni. Jina langu niachie. Hata hivyo siku hizi watu wamenipa jingine, na ukimaliza kusoma utajua walilitoa wapi.

Mchumba wangu nitamwita Nyambura. Kwao ni Dundori, watu wa viazi na ng'ombe wa maziwa. Nilimjua siku nilipowapelekea mabati. Niliwakuta shambani wanachimba viazi, naye alipogeuka kuniangalia, jembe likamkata mguu wa kushoto. Niliuosha ule mguu, nikaufunga kwa kitambaa changu cha mfukoni, nikambeba mgongoni hadi zahanati. Kovu lilibaki hapo juu ya kidole gumba. Nyambura hupenda kusema kwamba hilo kovu ndilo pete yake ya kwanza.

Mapenzi yalipokolea nilimnunulia saa ya kisasa kama yangu. Unajua hizi saa zinazohesabu hatua na mapigo ya moyo? Hizo. Ukibonyeza kitufe cha chini mara mbili, saa ya mwenzako inatetemeka kwenye mkono wake. Haitoi sauti wala ujumbe. Mimi nikiwa dukani namtetemesha, yeye akiwa anakamua ananijibu. Jamani, tulikuwa watamu!

Sasa, mtaani kwetu tuna kikundi cha kukimbia Jumamosi, na karibu wote tulinunua saa za aina hiyo. Wiki ile ya mambo yangu, kikundi cha WhatsApp kililipuka. Update ilikuwa imeingia, sasisho kama wanavyoliita redioni, na vitufe vyote vilikuwa vimebadilishwa kazi.

"Nani amehamisha vitufe?" mwalimu mmoja aliuliza. "Nimetaka kuzima kengele nikawasha tochi katikati ya maombi!"

Mzee mmoja mstaafu akaandika, "Mimi nilianza kukimbia Jumamosi, nikashindwa kusimamisha. Mpaka leo saa inasema nakimbia. Nimelala nikikimbia. Nimekula githeri nikikimbia."

Halafu Mama Kevo, jirani yangu, akatuma sauti akiwa karibu kulia: "Haki mimi nimebonyeza cha chini mara mbili vile nimezoea, imempigia landlord, yule nilimpigia mwisho! Na vile nilikuwa namsema!"

Nilicheka hadi mteja akaniuliza kama niko sawa. Saa yangu ilikuwa bado haijasasishwa, kwa hiyo nilijiona bingwa. Nikamjibu mbele ya watu wote: "Mathe, soma maelekezo. Kitufe kimehama, si dunia imeisha."

Ayayaya! Kinywa changu hiki!

Jumamosi ya wiki hiyo ndiyo tuliyokuwa tunapeleka mahari Dundori. Kama hujui mila ya huko, kuna sehemu moja inayomtoa kijana jasho. Bibi arusi anapangwa mstari pamoja na wanawake wengine, wote wamefunikwa leso kuanzia kichwani. Wewe unapita mbele yao, unamtambua wako, unamshika mkono. Ukikosea unatozwa mbuzi, na aibu utabaki nayo bure.

Siku chache kabla, nilimwambia Nyambura, "Nitakutetemesha. Wewe kohoa tu kidogo, nijue ni wewe."

Alikataa. "Zii. Hiyo ni wizi. Mimi nataka unijue mwenyewe."

"Na nikikosa?"

"Hautakosa," alisema. "Si ni mimi?"

Nikamwambia sawa. Hapo ndipo nilipomdanganya, kwa sababu moyoni nilikuwa nimeshapanga. Nilijua angevaa saa yake, na nilijua angevaa bangili za mama yake. Saa ikitetemeka karibu na bangili lazima kitu kilie. Nilihitaji kusikia tu, na yeye asingejua kamwe.

Asubuhi ya siku yenyewe nilimpigia shosho yake Nyambura, yaani nyanya yake mzaa baba, kumuuliza njia. Mvua ilikuwa imenyesha na barabara ya huko ina mahali inagawanyika. Shosho ana kabambe, ile simu ndogo ya vitufe. Alinielekeza vizuri, akanibariki, akanikatia. Sikumpigia mtu mwingine tena.

Halafu nikaanza kunyoa ndevu. Saa ikaniletea ujumbe: sasisho liko tayari, unakubali? Mikono ilikuwa na povu. Ujumbe wenyewe ulikuwa umefunika saa, nami nilitaka kujua kama tumechelewa. Nikabonyeza "Kubali" kwa ncha ya pua.

Kwa pua! Maisha yangu yote niliyakubalia kwa pua, na sikusoma hata mstari mmoja.

Tulifika Dundori, tukaimbiwa langoni, tukaingia. Wazee walikaa, maneno yakaenda vizuri. Halafu wanawake wakatolewa nje, wamefunikwa, wamepangwa kwenye nyasi mbele ya nyumba. Wote walikuwa miguu mitupu, maana mama mkwe aliamuru viatu vivuliwe visije vikatoboa siri ya mtu.

Baba mdogo, aliyekuwa msemaji wetu, alininong'oneza, "Chukua time. Angalia vizuri."

Sikuangalia. Nilisimama pale kama mtu anayetafakari, mikono nyuma, nikabonyeza kitufe cha chini mara mbili. Nikatega sikio.

Na kweli kitu kikatetemeka! Grrr, grrr, kama mashine ya kusaga unga, kutoka kwa yule wa tatu. Nilishangaa kidogo, maana alionekana mfupi. Nikajiambia, ah, amepinda magoti anidanganye. Mwanamke mjanja huyu! Nikaenda kifua mbele, nikamshika mkono, nikasema kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo, "Huyu ndiye wangu!"

Chini ya leso mtu akasema, "Halo? Ni nani?"

Na mkono wangu ukasema, "Halo? Ni nani?"

Leso ikatolewa. Alikuwa Shosho! Alikuwa amejipanga mstarini kwa utani, kabambe sikioni, na wajukuu walikuwa wameiweka kwenye mtetemo isije ikalia ikamfichua. Sauti yake ilikuwa inatoka kwenye saa yangu, mbele ya koo mbili.

"Kijana," aliniuliza, na saa ikarudia kila neno, "kwa nini unanipigia simu na umenishika mkono?"

Vigelegele vilivyopigwa pale, sijawahi kusikia! Watu walianguka kwenye nyasi. Baba mdogo alifunika uso kwa kofia. Mtu akapiga kelele, "Bwana ya Shosho!" na hilo ndilo jina nililokuambia.

Nilijaribu kujitetea. "Simu imejipigia yenyewe," nilisema. Hakuna aliyesikia isipokuwa mmoja. Mwanamke aliyekuwa wa nne, hatua moja tu kutoka kwa Shosho, alijifunua mwenyewe. Alikuwa Nyambura. Hakucheka. Aliangalia saa yangu, kisha akaniangalia machoni, na nikajua amejua.

Alingoja watu waende kula, akaniita nyuma ya stoo ya viazi. Nilidhani atanigombeza. Heri angenigombeza.

"Si ati nimekasirikia saa," alisema. "Saa ni kitu tu. Lakini angalia."

Akasogeza mguu wa kushoto. Kovu langu lilikuwa pale.

"Nilikuwa nimetoa mguu nje ya leso. Nilijua utaona. Hata nilikuwa nimejikaza nisicheke, nikifikiria vile utaona. Na wewe umesimama hapo, hapo karibu, unasikiliza mkono yako."

Mguu nilioufunga kwa mikono yangu ulikuwa mbele yangu, na mimi nilikuwa nimeinua kichwa nikisubiri mtetemo!

Alivua saa, akaniwekea mfukoni mwa koti. "Harusi ingoje," akasema. "Sijakukataa. Lakini ingoje."

Nilirudi Nakuru nimeinama kama kuku aliyenyeshewa. Na badala ya kujiuliza makosa yangu, unajua nilifanya nini? Niliingia kwenye kile kikundi nikamwaga hasira. Niliandika ujumbe mrefu kuliko mahubiri. Hawa watu wa saa ni washenzi! Unawezaje kubadilisha kitufe ambacho watu wamezoea? Wameniharibia ndoa!

Mama Kevo hakuchelewa. "Kijana, soma maelekezo," alijibu. "Kitufe kimehama, si dunia imeisha."

Wote wakaweka vicheko. Hata yule mzee, ambaye nadhani alikuwa bado anakimbia.

Nililia, nakuambia ukweli. Mwanamume mzima, nimekaa juu ya debe la rangi, nalia. Nililia kwa sababu Nyambura hakuwa ameniomba kitu kikubwa. Aliomba nimwangalie, basi.

Jumamosi iliyofuata sikwenda kukimbia. Nilivaa gambuti nikapanda Dundori. Sikubembeleza mtu. Niliomba jembe, nikachimba viazi. Nikarudi Jumamosi nyingine, na nyingine. Baba yake Nyambura alinisalimia kwa kichwa tu. Lakini Shosho! Shosho alikuwa anapaza sauti toka jikoni, "Mzee wangu amekuja! Mpeni uji mzito, msinimalizie bwana!"

Siku moja Shosho alidai mahari yake. "Ulinichagua mbele ya mashahidi," alisema. "Lete kitu." Nilikuwa na saa yangu mfukoni, maana sikuwa naivaa tena. Nikamfunga mkononi. Aliigeuza geuza akauliza hivi vitufe ni vya nini.

"Usiguse, Shosho," nilimwambia. "Nakuomba."

Nyambura alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile. Niliendelea kuchimba kichwa chini, nikiogopa nikimwangalia ataacha.

Shosho ndiye aliyetoa amri mwishowe. Aliwaambia wazee kwamba mke wangu halali ni yeye, na yeye anamwachia mjukuu, ila kijana arudie mtihani. Siku ikapangwa. Nilikwenda nimejiandaa, nikijua mguu nitakaoutafuta.

Wanawake wakatolewa. Nikaangalia chini haraka. Wote walikuwa wamevaa soksi! Soksi za shule za kijivu, zote sawa! Nikasikia mtu anacheka chini ya leso, na nilimjua, alikuwa Shosho.

Jasho lilinitoka. Hapakuwa na kovu wala mtetemo. Nilisimama tu nikaangalia, kama nilivyopaswa kuangalia tangu mwanzo. Na nikaona kitu ambacho sikuwahi kujua kwamba nakijua. Mmoja alikuwa ameegemea mguu wa kulia, ule wa kushoto amekanyaga kwa kisigino tu, kidole gumba juu. Hivyo ndivyo Nyambura husimama akichoka shambani, tangu siku ya jembe. Nilikuwa nimemwona akisimama hivyo Jumamosi zote zile.

Nilimshika mkono. Sikupaza sauti safari hii.

"Ni wewe," nilisema.

"Umechelewa," alijibu chini ya leso, na vidole vyake vikanibana.

Basi ndivyo tulivyooana. Juzi imeingia update nyingine, vitufe vimerudishwa kama zamani. Kikundi kizima kinashangilia kama timu imefunga bao. Mzee mstaafu ameweza kusimama. Shosho nilipomwambia, alisema yake inamwonyesha ni saa ngapi na hana haja na mengine.

Wewe mwenzangu unayekubali mambo kwa pua, soma kwanza. Na kama kuna mtu amekuambia "nijue mwenyewe," tafadhali usitafute njia ya mkato! Mwangalie anavyocheka, anavyotembea, anavyosimama akiwa amechoka. Mimi nilikaribia kumkosa wangu akiwa hatua moja kutoka kwangu, ametoa mguu nje kwenye baridi ya Dundori, akiningoja nimwone.