Jiwe Jeusi Katika Kikombe Kilichooshwa

"Kikombe hicho nimekiosha kwa sabuni, Wasfiya! Nimekisugua mpaka kikalia! Hakina mashapo, hakina kahawa, hakina kitu!"

"Mwongo wewe."

"Mwongo ni mimi siku zote, mtaa mzima unajua. Lakini leo mwongo ni jicho lako."

Wifi yangu alikuwa amekikumbatia kile kikombe kwa mikono miwili, kama mtu aliyeambiwa kifaranga aliyembeba amekwisha kufa. Muda mfupi tu kabla ya hapo alikuwa amekiinamia, akanisomea kwa ile sauti yake ya kusomea watu bahati zao: "Naona jiwe jeusi, Mama Sayili. Limekaa katikati ya nyumba, na njia zote zinakwenda kombo kulikwepa." Jiwe! Tulikunywa kahawa pamoja, nikapita jikoni na kikombe changu, nikarudi na kingine kilichotoka kwenye beseni la vyombo. Naye akaona jiwe.

Msinione mbaya. Uovu ulikuwamo, sikatai, ila kiasi cha chumvi kwenye chai. Nilikuwa nimekwisha kumbembeleza, nimekwisha kumlilia, na jua halimngoji mtu. Baada ya sala ya alasiri, Mama Rakani, jirani yetu wa ngazi za chini, alikuwa anakwenda kuirudisha dhahabu ya uchumba wa binti yake Shadha. Uchumba unavunjwa, na sababu yake ni jiwe hilohilo.

Ngoja niwaambie huyu Wasfiya ni nani, maana mtu akimsikia leo atadhani ni mchawi.

Aliolewa na kaka yangu Ferhani, Mungu amrehemu, aliyekuwa akikoroma mpaka punda wa bondeni wanamwitikia, na mara moja walisimama mlangoni wakidhani wameitwa kazini. Hamniamini? Waulizeni punda. Wasfiya alimvumilia bila neno. Alikuja kwetu Salti, mji wa milimani karibu na Amman, akiwa msichana mwembamba kama fimbo ya mkomamanga, na wiki ileile mama yangu alipomaliza kahawa na kukifudikiza kikombe juu ya kisahani, kama tufanyavyo sote, bibi harusi akakifunua, akatazama ndani, akasema: "Naona mwanamke anapandisha maji ngazi zote, na binti yake amekaa anakula zabibu."

Binti mla zabibu nilikuwa mimi. Tangu siku hiyo maji nikabeba mimi, na tangu siku hiyo nikampenda kwa hasira.

Hakuwa akichukua kitu kwa kusoma. Imamu alimwambia ni upuuzi, naye akajibu ni upuuzi kweli, sheikh, lakini wanawake hawasemi ya moyoni mpaka waangalie kitu kingine. Na hakumsomea mtu huzuni hata mara moja. Akiona nyoka, husema ni kamba ya kuanikia nguo za mtoto. Akiona jeneza, husema ni mashua, na kwetu huku bahari yenyewe tunaisikia tu. Wanawake walipanda ngazi zetu na miguu yao mibovu ili wakadanganywe na Wasfiya, wakashuka wepesi.

Basi baridi ya mwaka huu ikaja na weusi wake.

Kwanza alimgombeza muuza kahawa. Kila kikombe kina donge katikati, akasema, unatusagia makaa. Mwanamume wa watu akala kiapo mbele ya wateja. Kisha vigae vya sebuleni vikaanza kumtambalia. Mistari inajikunja, inapanda kama nyoka, akasema, akamwita mpwa wangu aliyevitandaza na kumlazimisha ang'oe vitatu. Mpwa akavuta uzi kutoka ukuta hadi ukuta, ukakaa juu ya mstari kama mkufu shingoni. "Hata uzi wako umelewa," Wasfiya akamwambia. Kisha mawe katika dengu, yeye aliyekuwa akichambua dengu huku anazungumza na watu watatu! Kisha msibani kwa kina Mama Aliya, akasimama mlangoni akalipa pole koti lililotundikwa ukutani. Akalishika mkono, akalizungumzia subira. Mimi nimekuwa nikiwaambia watu kwamba koti lilitokwa machozi, lakini siku ile sikucheka. Nilimwona akitambua. Aliushusha mkono wa lile koti taratibu, akatazama kama kuna aliyemwona.

Nikampeleka Amman kwa daktari wa macho. Binti mdogo, nywele fupi, sauti ya upole. Akamziba jicho moja, akamwonyesha ubao wa miraba wenye nukta katikati: "Bibi, mistari iko vipi?" Wasfiya akajibu: "Inacheza ngoma, mwanangu. Na nukta imeshaondoka." Wakamtia dawa machoni, wakampiga picha kwa mashine. Kisha binti yule akatuketisha.

"Nyuma ya jicho kuna pazia," akasema, "na katikati ya pazia kuna pahali padogo pa kuonea nyuso, sindano na herufi. Hapo ndipo pamechakaa. La kushoto limechakaa polepole kwa miaka, bila kukwambia. La kulia ndilo lililokuwa likikubeba, na sasa vimishipa vimeota chini yake vinavuja."

"Kama dari letu," nikasema.

"Kama dari lenu, bibi. Hutakuwa kipofu wa giza. Kando zitabaki. Lakini katikati kunaliwa, na tusipolizuia hili la kulia mapema, kilicholiwa hakirudi."

"Mnazuia kwa kitu gani?" Wasfiya akauliza.

"Kwa sindano. Ndani ya jicho. Tunalitia ganzi kwanza."

Wasfiya akainuka, akajifunga mtandio, akasema asante mwanangu, Mungu akupe mume asiyekoroma, akatoka. Ndani ya gari hakusema neno mpaka tulipoanza kupanda milima yetu. Hapo akasema: "Jicho langu zima. Vikombe ndivyo vilivyobadilika. Kuna jambo linakuja katika mji."

Mnaona? Heri mji mzima upatwe na balaa kuliko jicho lake liwe na doa.

Na hapo ndipo penye Shadha. Siku chache kabla hatujakwenda Amman, yule binti alimletea Wasfiya kikombe alichonywea kahawa ya uchumba wake. Wasfiya akatazama, akaliona jiwe lake, akageuza, akatazama tena, uso ukampauka. Asiseme kamba, asiseme mashua. Akakifudikiza tena, akasema: "Mungu atakufungulia njia." Basi. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mwanamke ambaye hajawahi kumsomea mtu huzuni, leo ananyamaza! Binti akashuka ngazi anatetemeka. Hali, halali, na mchumba wake Mutazi kutoka Madaba anapiga simu haipokelewi. Mama yake akasema: kama Wasfiya amenyamaza, sitamtoa mwanangu aende kwenye balaa.

"Kwa hiyo utakwenda umwambie Mama Rakani," nikamwambia Wasfiya, tukiwa bado tumekikodolea macho kile kikombe kitupu.

"Nimwambie nini?"

"Kwamba jiwe ni lako, si la binti."

"Kikombe hiki kimebadilishwa wakati sitazami."

"Nani atabadilisha? Jini? Jini gani atashindana na wewe kwa ubishi?"

"Wewe! Tangu ujana wako unanionea wivu. Ulikula zabibu, nikakutia kazini, hujanisamehe."

"Sijakusamehe na sitakusamehe, lakini leo shika adabu. Yule mtoto anakwisha, Wasfiya. Wenzake wanashona nguo za harusi, yeye amejilaza kaangalia ukuta. Na wewe umekaa hapa unalinda jicho!"

"Silindi jicho!" Sauti yake ikapanda mpaka kunguru darini wakahama. Kisha ikashuka. "Unamkumbuka mama yangu?"

Ninamkumbuka.

"Alipokosa macho, wake za kaka zangu walimweka karibu na mlango, kama jiko la mafuta ya taa wakati wa kiangazi. Wanalipita. Wanasema mbele yake, 'Bibi ameshakula?' na bibi yuko pale, ana mdomo, anasikia! Wakamnyang'anya kisu. Wakamnyang'anya kijiko. Alikuwa akisuka vikapu, wakasema pumzika. Mama Sayili, alipumzika mpaka akafa." Akavuta pumzi. "Nikisema sioni, kesho hakuna anayepanda ngazi hizi. Keshokutwa mwanangu anakuja kutoka Zarka na sanduku: mama, twende, utakaa na sisi. Karibu na mlango upi?"

Hapo nilitaka kulia, na mimi nikitaka kulia huwa nasema uongo, kwa hiyo nikasema:

"Babu yangu Ikabu alikuwa na jicho moja linatazama Yeriko na jingine linatazama Amman. Katikati haoni kitu; mkewe akikaa mbele yake hamjui. Lakini alikuwa akilinda mashamba mawili ya mizabibu kutoka kigoda kimoja. Wezi walihama nchi. Mmoja alikwenda hija akatubu."

"Babu yako alikuwa na macho mazuri kabisa. Nilimkuta hai."

"Ulimkuta amepona."

Midomo ikamtetemeka, kicheko kilifika mlangoni kikarudi. "Mwongo mkubwa," akasema. "Na hiyo sindano? Ingekuwa jicho lako, ungekubali?"

"Ningekimbia mpaka Iraki," nikasema, na huo haukuwa uongo. "Lakini wewe ungenifuata na kunirudisha kwa masikio. Nami nitakufuata. Nitakushika mkono, na wewe ubane wangu, uvunje vidole ukitaka. Viwili havifanyi kazi tangu zamani."

Nje mwadhini wa msikiti wa juu alikuwa amekwisha kumaliza adhana ya alasiri, na wa chini anaanza, kama kawaida yao ya kutopatana. Wasfiya alikaa na kile kikombe. Kisha nikamwona akifanya jambo ambalo halikuhitaji macho. Alitia kidole gumba ndani, akakizungusha taratibu, sakafu ya kikombe mpaka ukingoni. Kikalia: kwii. Akazungusha tena. Kwii. Akakitoa kidole, akakisugua kwa kidole kingine, akitafuta punje ya mashapo. Hakuna.

Mabega yake yakashuka. Nimemwona mwanamke huyu akimzika mume na mtoto mmoja, na sikuwahi kuyaona mabega yale chini hivyo.

"Nimemnyima mtoto wa watu usingizi," akasema polepole, "kwa kitu kilichokuwa kichwani mwangu."

Sikuongeza uongo. Hata mimi nina siku zangu.

Akageuza uso kuelekea dirishani, kama mtu aliyekasirika. Nikadhani ndiyo, amerudia ukaidi. Kumbe kikombe amekiinua ubavuni, karibu na sikio, anakitazama kwa pembeni, kwa ile kando ambayo daktari alisema itabaki.

"Kina maua ya buluu ukingoni," akasema. "Nilikuwa nimeyasahau."

"Ni vya harusi yako hivyo. Nilivunja viwili."

"Ulivunja vitatu. Ukamsingizia paka."

"Paka alikuwa na tabia mbaya—"

Hapo ngazini pakasikika viatu vya mbao. Hakuna mtu Salti asiyevijua viatu vya Mama Rakani. Vinagonga jiwe utafikiri farasi mwenye kinyongo. Wasfiya huwatambua watu kwa hatua zao tangu baridi ianze, na ndivyo alivyotudanganya wote: mtu hajafika mlangoni ameshaitwa jina, ameshaulizwa hali ya goti lake. Nikangoja aite.

Viatu vikafika, hakuita. Pazia likasogea, Mama Rakani akasimama mlangoni, amepita kuaga, na joho lake la kutokea, kifuko cha dhahabu ya kurudishwa kifuani, na nyuma ya bega lake macho ya Shadha yaliyovimba.

Wasfiya akakitua kikombe kwenye sinia. Akauinua uso wake, akautazamisha mlangoni sawasawa, pale katikati, palipokuwa na jiwe.

"Nani huyo?" akauliza, kwa sauti ya kusikika mpaka ngazi za chini. "Sogea karibu, mwanangu. Sikuoni uso."