Kupe wa Josho Langu

Katikati ya miaka ya sitini nilikuwa mwangalizi wa josho karibu na Kendu Bay, pale ng'ombe wanapoogeshwa dawa ya kuua kupe. Kilichonitoa nyumbani ni barua ya dada yangu Akinyi, aliyeolewa kule Macalder: ng'ombe sita niliowapeleka kwao mwaka uliotangulia watunzwe walikuwa wanakufa, na wa mumewe pia. Kwetu mtu haweki mifugo yake yote katika boma moja. Huigawa kwa ndugu, ili ugonjwa ukiingia huku, kule wabaki. Nikabeba debe la dawa ya josho, nikijiona mwokozi.

Alfajiri nilipanda basi hadi Homa Bay, na saa nane mchana nikawa Migori. Hapo daktari wa ng'ombe alinipa nafasi katika Landrova yake, kwani naye alikuwa anaelekea Macalder. Tulipovuka kijito tuliwaona akina mama wakisukasuka makarai ya mchanga wa dhahabu, maji yakichukua chepesi na kuacha kizito.

Jioni shemeji yangu Ouma alinipokea kwa utani wake.

"Karibu, shemeji! Siku hizi hapa tunakula nyama bila harusi."

Akinyi hakucheka. Katika boma lote walibaki ng'ombe wanne tu, wangu na wao pamoja, mmoja wao yule wa maziwa ya watoto.

Asubuhi daktari alifika, akasema ni ugonjwa unaoletwa na kupe. Akawang'oa kupe masikioni mwa ng'ombe wangu, na wengine katika boma la ng'ambo ya mto, ambalo halikuwahi kuchangamana na letu. Akawachovya wote katika dawa ile ile ya debe langu, akawatia katika chupa mbili na kuzifunga kwa kitambaa.

Kesho yake, kupe wa ng'ambo walikuwa wamekufa wote. Wangu walikuwa wanapanda kioo.

Niliinua chupa juani, nikawachungulia. Miguu ile ile minane, mgongo ule ule wa kahawia, lakini walikuwa taifa jingine.

"Josho lako unachanganyaje dawa?" daktari aliuliza.

Ningeweza kudanganya. "Naizimua," nikasema. "Mwaka wa nne sasa. Naongeza debe la maji ili mgao wa dawa ufike mwisho wa mwezi."

"Kwa hiyo kupe wamezoea dawa?" Ouma akauliza.

"Hapana," daktari akajibu. "Kupe mmoja hajifunzi kitu. Ila katika maelfu, wachache huzaliwa wakiweza kuistahimili kidogo. Dawa hafifu iliua wengine, ikawaacha hao. Wakazaana wenyewe kwa wenyewe, na watoto wakawashinda wazazi. Ni kama wale mama na makarai yao: kila msuko, kilichobaki ni kizito zaidi."

Ouma alinitazama. "Kumbe shemeji unafuga kupe! Ng'ombe ni chakula chao tu."

Nilitaka kuwarudisha ng'ombe wangu nyumbani, daktari akakataa: popote wanapokwenda, kupe nao wanakwenda. Akatuachia dawa ya aina nyingine, tukashinda tukiwang'oa kupe kwa mikono. Siku ya nne yule wa maziwa alilala, hakuamka. Watatu walipona.

Nilimwomba Akinyi msamaha. "Mimi ni dada yako, nitafanya nini?" akasema. "Nenda uwaambie wenye ng'ombe huko kwenu, kabla nao hawajawagawia ndugu zao."

Nilipofika Homa Bay siku ya kurudi, nilikuta lori limejaa ng'ombe likielekea Migori mnadani. Nilimuuliza mfanyabiashara mwenye ng'ombe hao amewatoa wapi. Akataja kijiji cha josho langu.

"Washushe," nikamsihi. "Kupe wao hawafi kwa dawa."

"Mzee, kupe ni kupe," akacheka, akagonga bodi ya lori, dereva akaondoa gari.

Shuleni tuliambiwa viumbe hubadilika polepole mno, hata mwanadamu haoni. Mimi nilisimama barabarani nikiona kundi zima la viumbe wapya, waliofinyangwa kwa debe langu la maji, wakipanda mlima masikioni mwa ng'ombe wa watu nisiowajua.