Kula au Kura

Hebu mwone anavyofika. Bodaboda inasimama nje ya nyumba za kupanga pale Shirere, na mtu mfupi mwenye kifua kipana anateremka kwa zamu: kwanza mguu mzima, anatulia, halafu ule wa pili, akiushika kwa suruali kama anayehamisha kiti. Begani ana mfuko wa viatu vya raga. Vijana wa chuo wanaokaa nyumba ya mbele wanamwita, "Mambo, Kura," naye anainua kidole tu. Huyo ndiye Osundwa. Ametoka kufundisha timu ya mjini, na amechoka. Si uchovu wa leo.

Ulianza zamani, Navakholo, kwenye miwa. Babake alikuwa mkataji, naye akawa wa kupakia. Mpakiaji anayejua kazi hasimami wima kila mara. Huinama, akaokota na kurusha kwa mwendo mmoja, kiuno kikifanya kazi yote. Mwalimu wa michezo alipomwona akirusha mpira vivyo hivyo, kutoka chini bila kuuinua kwanza, alimwambia, "Wewe ni nambari tisa. Hao wazito wakishasukumana kwenye skramu, wewe unatoa mpira miguuni mwao, unaamua uende wapi."

Akaamua hivyo miaka mingi: shuleni, timu ya Kakamega, kisha klabu moja ya Nairobi iliyomlipa mshahara acheze tu. Huko nyumbani majirani walimwuliza mamake, "Sawa, anacheza. Na kazi je?"

Nambari tisa hufanya kazi kwa mikono na kwa mdomo. Kiptoo, kocha wa Nairobi, alikuwa amewapa maneno mawili ya siri. "Kula": mpira ubaki karibu, wazito waubebe. "Kura": mpira utoke nje, uwafikie wakimbiaji wa pembeni. Kwa Kiptoo yalikuwa maneno mazuri. Lakini Osundwa ni wa kwetu, na ulimi wetu haujali sana tofauti ya l na r. Tena mbele yake alicheza Makhanu, jitu la Malava, naye ana masikio ya huku huku.

Ikaja fainali. Mstari uko karibu, wapinzani wamejazana katikati, pembeni ni peupe. Osundwa akapaza sauti: kura. Akarusha mpira nje. Makhanu, aliyesikia kula, akajitosa mbele aubebe. Mpira ukamgonga bega, mpinzani akauokota na kukimbia nao uwanja mzima.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo Makhanu alivua kiatu, akamgeukia Osundwa. "Ndugu yangu, si ulisema kula."

"Nilisema kura."

"Si ndiyo hiyo."

Hata waliotaka kulia walicheka. Jina la Kura likamganda. Kiptoo akayafuta maneno, akaleta ishara: Osundwa akipiga paja, mpira unabaki, akikunja ngumi, unatoka. Walicheza hivyo misimu kadhaa, goti likaharibika, likapasuliwa, likaharibika tena. Mkataba ulipoisha hakuna aliyeutaja. Akarudi Kakamega na mkewe, Awinja, na binti yao, Lynette.

Sasa ameingia ndani, amekaa. Awinja anakuja na barafu aliyoifunga kwenye leso.

"Baba Lynette, leta hilo goti."

"Leo limenyamaza."

"Hilo halinyamazangi. Ni wewe unanyamazanga."

Simu inalia. Ni Kiptoo. Osundwa anaiweka mezani, sauti juu, maana hapa hawafichani.

"Nambari tisa wangu amevunjika bega," Kiptoo anasema. "Njoo msimu mmoja tu."

"Kochi, mimi nimezeeka."

"Nani alikuambia natafuta kijana? Nataka kichwa chako."

"Na goti atalibeba nani?" Awinja anauliza, akibonyeza barafu. "Daktari alisema likienda tena, ni mkongojo."

"Mama Lynette, nimekusikia."

"Ukisikia nashukuru, Kochi."

Kiptoo anavuta pumzi. "Basi sitawasumbua. Osundwa, niambie neno moja, kama zamani. Kula, unabaki na mpira, unakuja. Kura, unauachilia, natafuta mwingine."

Osundwa anautazama mfuko wa viatu pale mlangoni. Tangu arudi Kakamega, haufungui bila kupiga moyo konde; mazoezini huvaa raba. Bado anaubeba kila siku. Anajikohoza, kisha analisema. Neno moja, kwa sauti ya mtu aliyechoka, kwa ulimi wa Navakholo.

"Umesema gani?" Kiptoo anauliza.

Awinja naye ameacha kubonyeza, anamtazama mkono. Mkono umelala juu ya barafu. Haujapiga paja, haujakunja ngumi.

Wewe uliyekaa nasi hapa, umesikia lipi?