Kamera Inayochelewa: Kutoka Kahama Hadi Nyamirambo

Niliondoka Kahama kwa sababu mama yangu aligombana na simu. Mdogo wake, mama mdogo Zaina, anaishi Nyamirambo, Kigali, na kila akituma picha mama huuliza, "Huyu binti ni nani?" Simu ya Zaina humlainisha kila mtu uso, mwanamke mwenye wajukuu hutoka kama bibi harusi. Mama hawezi tena kusafiri, magoti yamekataa, na hajamwona ndugu yake tangu tulipomzika baba. Akatoa kabatini kamera ndogo ya dijitali ya marehemu.

"Hii haijui kubembeleza," akasema. "Niletee sura yake."

Rusumo, mpakani. Mama alikuwa ameifunga kamera kwa mifuko ya nailoni, mmoja juu ya mwingine, na Rwanda haitaki nailoni. Ofisa mpole akaanza kuifungua mbele ya foleni nzima, watu wakinyoosha shingo waone ni dhahabu gani. Alipoifikia kamera alinitazama kwa huruma.

"Hii bado inafanya kazi?"

"Inafanya."

"Basi pita nayo."

Mifuko ikabaki, kamera ikaingia mfukoni mwangu. Hapo nikakumbuka kwamba chaja ilikuwa bado kwenye soketi ya sebuleni Kahama. Nilikuwa na chaji iliyokuwa ndani ya betri, basi.

Kigali, jioni. Pikipiki ya abiria ilinipandisha Nyamirambo, kofia ngumu ikinicheza kichwani. Mama mdogo alinipokea kwa chai na maswali ya ukoo mzima. Nilipomwonyesha kamera aliitazama kanga yake. "Leo hapana. Nimevaa ya jikoni."

Asubuhi yake niliweka kiti barazani. Simu mtaani hakuna anayeigeukia, watu hupigwa picha wakitafuna. Lakini kamera yenyewe, ile ya kushikwa kwa mikono miwili, ilipoonekana tu, majirani waliingia ndani kubadili nguo. Fundi Hamadi, mshonaji wa baraza la pili, alitoka na koti jeusi zuri.

"Hii koti ya mteja," akaninong'oneza, "lakini leo iko yangu."

"Akija kuichukua?"

"Atangoja. Iko kwa pasi."

Kamera ile ina tabia moja: ukibonyeza, kwanza inafikiri. Hamadi alisimama wima kama waziri, nikabonyeza, kukawa kimya. Akatoa kidevu mbele, "Tayari?" na hapo ndipo taa ikamulika. Ikatoka picha ya mtu anayeuliza swali, jicho moja limefumba. Baraza zima likacheka, na kila mmoja akataka yake.

Nikasema betri ni ndogo, nimemfuata mama mdogo tu. Yeye mwenyewe akanikatiza kutoka dirishani, akiwa kwenye gauni la pili. "Mpige na huyo, alikuja kwenye msiba wangu. Na yule. Mwenye nyumba hatangulii wageni."

Nikapiga. Wote wakatoka wakiuliza "tayari". Alama ya betri ikageuka nyekundu.

"Mama mdogo, inazima."

Akatoka na gauni la tatu, akaketi, mikono magotini, midomo ameikaza. Bila simu, bila kulainishwa, huyu naye mama asingemjua. Nikabonyeza hivyo hivyo. Kamera ikafikiri. Hamadi akaona nafasi, akajisogeza nyuma ya kiti ili koti lionekane tena.

"Sha Hamadi, toka hapo," Zaina akamgeukia na kidole juu, kwa ile "sha" ya Kigali ya kuitana watu wa karibu. "Hiyo koti hata haiko yako."

Taa ikamulika. Lenzi ikajirudisha ndani, kamera ikazima.

"Nimetoka vizuri?" akauliza, tayari ameurudisha ule uso wa kukaza.

Sikuwa na namna ya kujua. Nilisafiri njia nzima ya kurudi nikitunga maneno ya kumwomba mama radhi.

Kahama. Nilichomeka chaja kabla sijavua viatu. Kwenye kioo kidogo akatokea Zaina: kidole hewani, mtandio umeanguka begani, mikunjo yote mahali pake, pengo la jino wazi. Nyuma yake, nusu ya Hamadi ikikimbia. Nilichojifunza Kigali ni hicho: mtu huvaa uso wa picha kama Hamadi alivyovaa koti, na wake mwenyewe huurudia akidhani umeshampiga. Simu zina haraka mno, haziufikii.

Mama aliisogeza kamera karibu na uso wake.

"Anamgombeza nani?"

"Fundi. Kavaa koti la mteja."

Akafuta macho kwa ncha ya kanga, akachukua simu ile ile aliyogombana nayo, akapiga Kigali.

"Zaina," akasema, hata salamu hakuna, "mwache fundi wa watu avae koti."