Saa za Shemeji

Shemeji, mume wa dada yangu, ndiye fundi wa tovuti ya ukoo, na anavyojigamba utadhani jua huchomoza kwa idhini yake. Ndugu zetu wametapakaa nchi chungu nzima, kwa hiyo ameipanga tovuti ili kila mmoja akifungua ukurasa wa sherehe aone saa za huko aliko. Akiwa kazini hukunja suruali hadi magotini, huchovya kidole kwenye chai kupima joto, kisha huisahau mpaka ipoe. Ukimwuliza kitu hujibu, "Ngoja nihesabu," na hahesabu chochote.

Siku ya harusi ya binti yake niliingia ukumbini saa tisa nikitweta, nikakuta picha ya ukoo imeshapigwa bila mimi, mjomba mtu. Nikasingizia tovuti: imenidanganya saa! Shangazi, ambaye hajawahi kuchelewa popote, akasema, "Lete simu tuone." Yake ilisema harusi ni saa nane. Yangu ilisema saa sita. Kumbe nimesema kweli kwa bahati mbaya. Shemeji akachovya kidole kwenye chai.

"Wachelewaji wote nimewahamishia nchi za magharibi," akasema kwa upole, kama anambembeleza mtoto. "Kwenye tovuti tu. Huko saa ziko nyuma, kwa hiyo hata mkichelewa mnajikuta mmewahi."

"Na mimi umenipeleka wapi?"

"Wewe, shemeji, nimekusukuma mpaka ufukweni. Mbele ya hapo ni maji matupu."